Shahidi wa Migombani

Hakuna mtu aliyeijua wilaya ya Rungwe kunishinda mimi, Liberatus Kalinga, na hapo nawahesabu machifu wake, wazee wake na wale wamisionari waliokaa huko mpaka ndevu zikawa nyeupe. Ni kweli mimi ni Mhehe wa Iringa. Lakini serikali iliponipeleka Tukuyu kuwa karani, nikiwa na Darasa la Kumi langu na viatu vinavyobana, nilijifunza Kinyakyusa kwa muda ambao mwenzangu wa ofisini, mtu wa Tanga, alitumia kujifunza kwamba mvua ya kule haipumziki. Wenyeji niliwaonea huruma. Kila mmoja alijua kijiji chake tu. Mimi nilivijua vyote, pamoja na mito iliyo katikati.

Mwaka ule wa 1956 Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, alikuwa anaandika Kitabu cha Wilaya, yaani habari za nchi yenyewe, historia yake na watu wake, ili Mzungu atakayekuja baada yake asianze kuuliza upya. Sehemu ya mpaka wa kusini alinipa mimi. Niliiandika nikiwa ofisini, miguu karibu na jiko la makaa. "Mpaka wetu na Nyasaland ni mto Songwe," niliandika, "ambao haujapata kuleta utata wowote." Bwana Shauri alisoma akaridhika. Akasema karani wa namna hii hafai kuzeekea Tukuyu, na kwamba akipata nafasi atanitaja kwa wakubwa wa jimbo kule Mbeya. Tangu siku hiyo nilikuwa nalala Tukuyu lakini naamkia Mbeya.

Utata ukaja mwezi wa sita. Habari ilifika kwamba huko Ngolila, kijiji kilicho mpakani kabisa, watu wa kwetu na watu wa Nyasaland wameshikiana mikuki kwa ajili ya mpunga. Bwana Shauri alinichukua mimi, askari wawili na meza ya kukunja. Tukashuka kutoka kwenye baridi mpaka bondeni kwenye joto, gari likafika mwisho wa barabara, tukaendelea kwa miguu.

"Kuna mto wa kuvuka?" Bwana Shauri aliniuliza. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, ila kila neno alilitoa peke yake, kwa uangalifu, kama mtu anayetoa mayai kapuni.

"Hakuna, Bwana. Ngolila iko upande wetu. Songwe uko nyuma ya kijiji. Leo hutalowesha hata kamba ya kiatu."

Tukatoka kwenye matete, na mbele yetu kulikuwa na mto.

Tena haukuwa kijito cha kuruka. Ulikuwa mto mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, umebeba magogo na una haraka. Ng'ambo yake zilionekana nyumba za mianzi na migomba mingi. Ukingoni kwetu alisimama mzee mfupi mwenye koti jeusi, na mtumbwi pembeni yake. Huyo ndiye Jumbe Fanueli, mkuu wa Ngolila, mtu niliyezoea kutaniana naye kila alipopanda Tukuyu.

"Mwagonile, karani," alinisalimu.

"Mwagonile, tata. Huu ni mto gani?"

"Songwe."

"Songwe uko nyuma ya Ngolila."

"Ulikuwa," Fanueli alisema. "Labda haukukuandikia kwamba unakuja." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Siku nyingine ningekucheka mpaka jioni, Mhehe. Leo panda tu. Hali si nzuri."

Bwana Shauri alinitazama mimi, akatazama mto, akakaa kwenye mtumbwi maji yakiwa yamefika kifundoni. Hakusema kitu kuhusu kamba za viatu.

Tukiwa majini Fanueli alitueleza. Songwe ulipokuwa ukifika pale ulikunja kiwiko, ukaizunguka Ngolila kwa kusini, kisha ukarudi karibu kabisa na pale ulipoanzia kukunja. Kati ya mto unaokwenda na mto unaorudi palikuwa na shingo nyembamba ya ardhi. Masika yaliyopita maji yaliipasua shingo ile. Songwe ukaona njia fupi, ukaacha kiwiko chake chote kikavu, ukapita kaskazini ya kijiji. Watu wa Ngolila walilala Tanganyika, na walipoamka mto ulikuwa upande wa pili wa nyumba zao. Sasa mpunga wao umeiva, na watu wa Nyasaland wanasema mpaka ni mto, mto uko kule, basi mpunga ni wao.

Baraza liliwekwa kusini ya kijiji, kwenye ukingo wa kiwiko kilichokauka. Meza ya Bwana Shauri ilitazama tope lililopasuka vipande vipande, na ng'ambo ya tope lile walikaa vijana wa Nyasaland, wamechomeka mikuki ardhini. Huku kwetu vijana wa Ngolila walikaa na miundu yao ya kuvunia, na mundu wa kuvunia ukiutazama siku ya namna ile unaona kwamba haujali sana unakata nini. Katikati hapakuwa na maji ya kuwatenganisha. Mpaka wote wa serikali mbili ulikuwa tope ambalo mbuzi alikuwa analivuka mbele ya macho yetu.

Aliyewasemea wa Nyasaland aliitwa Asukile. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, amevuka tope peke yake bila mkuki na kusimama mbele ya meza. Kwetu aliyesema ni Fanueli, na nyuma yake wazee wa Ngolila wamekaa kwenye vigoda. Mkubwa wao alikuwa Mzee Anyitike, amevaa koti la jeshi la zamani, mikono juu ya fimbo.

Bwana Shauri alisema amri aliyokuja nayo, nami nikaigeuza Kinyakyusa kwa sauti ya kufika ng'ambo. Kama mto umehama wenyewe, mpaka umehama nao, na Ngolila sasa iko Nyasaland. Kama mkono wa mtu uliusaidia kuhama, mpaka unabaki pale ulipokuwa, na mtu huyo atafungwa.

"Mto ulisaidiwa," Fanueli alisema. "Pale shingoni palichimbwa mfereji wakati wa kiangazi. Maji ya masika yaliukuta uko tayari."

"Palichimbwa na nani?" Bwana Shauri aliuliza.

Fanueli alitazama kofia yake mikononi. "Sisi tulikuwa na shughuli zetu, Bwana. Hatukuona."

"Kijiji kizima hamkuona," Asukile alisema, "lakini mfereji mmeuona. Haya. Kuna mwanamke ana shamba pale pale shingoni. Alinanuswe. Kiangazi chote alikuwa pale analima. Aitwe aseme kama kulikuwa na mfereji, na kama upo aseme wa nani. Atakalosema mimi nalikubali."

Niliona wazee kwenye vigoda wakitazamana. Fanueli alisema haraka kwamba haiwezekani, Alinanuswe hawezi kuja barazani, kwa sababu mkwewe amekaa hapa. Akaonyesha kwa kidevu upande wa Mzee Anyitike. Mume wa Alinanuswe, Isakwisa, alikuwa mtoto wa mzee yule, na wakati huo alikuwa migodini Rodeshia.

Hilo nalo nilikuwa nimeliandika kitabuni. Mwanamke wa Kinyakyusa akishaolewa haonani na baba wa mumewe. Hamtazami, hakai naye chini ya paa moja, akimsikia njiani anaingia majanini mpaka apite. Desturi hiyo niliipa mistari miwili, nikaweka nukta, nikahamia kwenye ng'ombe. Nikamweleza Bwana Shauri kwa maneno ya mtu anayejua.

"Mzee aondoke kidogo," Bwana Shauri alisema.

Nikayageuza, na wazee wote wakainama kama waliopigwa upepo mmoja. Mkubwa wa kijiji haondolewi barazani. Vijana wa Ngolila walianza kunong'ona, na wale wa ng'ambo walipoona mnong'ono wakasimama. Mmoja akang'oa mkuki wake kwenye udongo. Askari wetu mmoja akaishika bunduki vizuri zaidi kuliko alivyokuwa ameishika.

"Bwana," nilisema, "mwanamke anaweza kukaa migombani, nyuma ya nyumba ile, ambapo hamwoni mzee wala mzee hamwoni. Mimi nitakwenda nimsikilize, nilete maneno yake."

Bwana Shauri alinitazama, na uso wake ukalegea kidogo. Nikajua ule mto wa asubuhi umesamehewa.

Alinanuswe nilimkuta kati ya migomba, ameketi juu ya majani makavu, kanga imefunika kichwa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mikono ya mtu wa jembe. Kutoka pale baraza lilisikika kama mvumo, maneno yasijulikane.

"Ndaga, mama," nilisema. "Unaniona mimi ni Mhehe, lakini usihofu, leo nimekwisha kula, sitamgusa mbwa wako."

Utani ule wa Wahehe kula mbwa, huko Tukuyu hauna aliyewahi kuuacha bila kujibu. Yeye hakucheka. "Wanataka nini?" aliuliza.

"Kulikuwa na mfereji pale shingoni?"

"Ulikuwepo. Ulichimbwa kutoa maji kwenye mpunga. Aliyechimba hakujua kwamba mto utaufuata."

"Ulimwona akichimba?"

"Nilimwona. Shamba langu liko pale."

"Ni nani?"

Alikunja pindo la kanga, akalikunjua.

"Mimi yule simtaji," alisema.

Mtoto yeyote wa Ngolila, hata anayechunga ndama, angepewa maneno yale matatu angeinuka akaenda zake, shauri limekwisha. Kwa mwanamke wa pale yuko mtu mmoja tu duniani ambaye jina lake halimtoki kinywani, na hata neno linalofanana na jina lile atalizunguka kama shimo. Lakini hilo mimi sikuliandika kitabuni, kwa sababu sikulijua. Nilijua habari ya kujificha majanini. Ya jina hakuna aliyenieleza, nami sikuwa na tabia ya kuuliza.

Kwa hiyo nikaona mama anaogopa. Na mtu wa Ngolila siku ile angeogopa nani kama si wale waliokuwa wamechomeka mikuki? Hesabu ilikuwa nyepesi mno, nikajipongeza.

"Ni mtu wa ng'ambo?" niliuliza.

Alitazama pembeni.

Nikarudi barazani. "Bwana, mfereji ulikuwepo. Ulichimbwa kwa mkono wa mtu. Alimwona. Anaogopa kumtaja, lakini ni mtu wa Nyasaland."

Niliyasema hayo kwa Kiswahili, na wazee wengi hawakukijua. Fanueli alikijua. Nikamwona anainua uso ghafla, ananitazama, kisha anashusha macho taratibu mpaka kwenye kofia yake. Hakunisahihisha. Nikahesabu kimya kile kuwa cheti cha pili baada ya kile cha Darasa la Kumi.

"Mtu wa Nyasaland ni watu wengi," Bwana Shauri alisema. "Nataka jina. Karani, rudi."

Nilirudi. Nilikwenda kwa haraka, maana vijana wetu walikuwa wamekwisha kuyapata maneno yangu, yakigeuzwa na mtu mmoja hadi mwingine, na miundu ilikuwa imeinuka kutoka mapajani.

"Mama, jina tu. Watu watauana."

"Nimekwambia simtaji."

"Basi mimi nitataja, wewe utikise kichwa." Nilijua jina moja tu la ng'ambo. "Ni Asukile?"

Alishtuka. Mkono ukaruka ukafunika mdomo, macho yakawa makubwa. "Asukile yuko hapa?" alisema. "Amevuka?"

Niliona nilichotaka kuona. Nikamwambia atulie, serikali iko hapa, hakuna atakayemgusa. Nikaondoka huku bado ananiita, nikafika mezani, nikasema, "Asukile."

Sijui kama umewahi kusikia umati wa watu wakivuta pumzi kwa pamoja. Upande wetu walivuta, kisha vijana wakacheka, kicheko kikali kisicho na furaha. Bwana Shauri alinyoosha kidole. Askari wawili wakamshika Asukile mikono, wakaipeleka nyuma na kuifunga kamba. Hakupambana. Alikuwa ananitazama mimi, kama mtu anayetafuta mahali alipokosea njia.

Ng'ambo walisimama wote. Mikuki ikang'olewa, sauti ya udongo ikitoa chuma, tup, tup, tup, mstari mzima.

"Waambie wakae," Bwana Shauri alisema.

Nikawaambia. Hawakukaa. Walishuka ukingoni wakasimama ndani ya tope, na wetu wakashuka upande wetu wakasimama ndani ya tope hilo hilo. Kati yao palibaki nafasi ambayo mwanamke angeanika mkeka wa mpunga, si zaidi. Askari mmoja alimwachia Asukile akakimbilia bunduki yake. Fanueli alikuwa anapiga kelele kwa vijana wake warudi, na sauti yake ilikuwa inavunjika.

"Karani," Asukile aliniambia kwa Kinyakyusa, polepole, kama hayasikii yote yale. "Ni yeye amesema? Kwa mdomo wake?"

"Amesema."

"Alinanuswe."

"Ndiye huyo huyo."

"Amesema jina langu."

"Mbona unarudia? Alikuona unachimba."

"Tumenyonya ziwa moja," Asukile alisema. "Mimi na yeye. Mama yetu yuko pale ng'ambo, nyumba ile yenye paa jipya. Alinanuswe aliolewa huku kwa ng'ombe waliokuja zizini kwetu. Mimi ndiye niliyesema aulizwe yeye. Sasa niambie tena, Mhehe, amesema nini?"

Nilikumbuka mkono uliofunika mdomo. Nilikumbuka "Amevuka?"

Nilimtazama Bwana Shauri. Alikuwa amesimama, kalamu mkononi, na bila kunitazama akasema, "Kazi nzuri, Kalinga." Mbeya ilikuwa katika yale maneno mawili, na nyumba yenye sakafu ya saruji, na barabara. Mtu mwingine labda angefungua mdomo hapo hapo. Mimi niliona afadhali nirekebishe kwa nyuma, kimya kimya, kama unavyobadilisha sahani yenye ufa kabla mgeni hajaiona. Ningemfuata mama migombani, anipe jina lingine, lolote, nirudi niseme nilisikia vibaya kwa sababu ya kelele.

Nikageuka niende. Fanueli akanishika mkono wa shati.

"Usirudi huko," alisema kwa Kiswahili, mdomo karibu na sikio langu. "Umesema vizuri. Ngolila imebaki Tanganyika. Acha hivyo hivyo."

"Yule ni ndugu yake."

"Najua ni ndugu yake."

"Basi mchimbaji ni nani?"

Fanueli alinitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama kwenye utani wetu wote. "Umemsikia mwanamke amekataa kutaja," alisema, "na bado unaniuliza mimi?"

Niligeuka nikatazama vigoda. Sijui kwa nini niligeuka, ila macho yalikwenda yenyewe. Wazee wote walikuwa wanatazama tope na mikuki. Mmoja tu alitazama chini, kati ya miguu yake, na koti lake la jeshi lilionekana limemzidi. Mzee Anyitike hakujua Kiswahili. Lakini kumwona Asukile na kamba hakuhitaji Kiswahili.

Nilijinasua nikakimbia migombani.

Alinanuswe alikuwa amesimama. "Kwa nini wanapiga kelele?" aliuliza. "Asukile yuko wapi?"

"Mama, nisikilize. Nitajie mtu mwingine. Mtu aliyekwisha kufa, kama unataka. Mtu aliyehama. Nitaleta jina hilo na mambo yatatulia."

"Asukile yuko wapi?"

"Amefungwa kamba kidogo."

"Kwa nini?"

Nina Kiswahili, nina Kihehe, nina Kinyakyusa, nina Kiingereza cha Darasa la Kumi. Vyote vinne havikuwa na jibu la kumpa mwanamke yule. Alinitazama, na nikamwona anafika mwenyewe, hatua kwa hatua, mpaka pale nilipokuwa nimesimama na uongo wangu.

"Nilikwambia simtaji," alisema. "Ukaenda ukanitajia."

"Jina halisi likitoka, mzee wenu atafungwa," nilisema. Ndiyo, wakati ule nilikuwa nimeelewa, na nilitaka aone kwamba nimeelewa.

"Sitalitoa," Alinanuswe alisema.

Akavuta kanga mpaka ikafunika uso wote, akanigeukia, yaani akaipa mgongo njia ya kwenda barazani, na akaanza kutembea kinyumenyume.

Nilidhani amechanganyikiwa. Nikamfuata, mimi naenda mbele, yeye anakwenda nyuma, uso kwa uso, hatua yake ikipapasa udongo kabla ya kukanyaga. Mwanamke mmoja aliyekuwa uani alimwona akatoa sauti ndefu, ile ya kuwaonya wakwe walio njiani. Mwingine akaidaka, na mwingine, mpaka ikatutangulia barazani.

Kelele kwenye tope zilikatika. Watu wa pande zote mbili za mto ule uliokufa walikuwa na desturi moja, na wote walijua kinachokuja. Vijana walishusha mikuki ili waone. Wazee kwenye vigoda walifunika macho kwa viganja. Mzee Anyitike alisimama kwa haraka ambayo sikumdhania, akageukia upande mwingine, akavuta koti la jeshi juu ya kichwa chake. Akabaki hivyo, mgongo tu na fimbo.

Alinanuswe alirudi nyuma mpaka kisigino chake kikagusa mguu wa meza. Hapo akasimama. Akasema kwa Kiswahili, kile cha sokoni Mwaya wanakouza mchele, kigumu lakini kila neno liko mahali pake.

"Bwana Serikali. Mimi ndiye mwenye shamba la shingoni. Mfereji ulikuwepo. Ni mkono wa mtu wa huku huku, alitaka kutoa maji shambani, hakutaka kuhamisha mto. Asukile ni ndugu yangu, hakuchimba. Nilimwambia karani, aliyechimba mimi simtaji."

"Kwa nini humtaji?" Bwana Shauri aliuliza.

Alinanuswe alikaza kanga usoni. Bwana Shauri alitazama viganja vilivyofunika macho, akatazama ule mgongo mmoja uliojifunika koti katika joto la bondeni, akautazama kwa muda. Miaka yake katika nchi hii haikuwa bure. Aliweka kalamu mezani.

"Mfungueni," aliwaambia askari.

Kamba ikaanguka. Asukile alisugua mikono yake, hakumsogelea dada yake, akaenda kusimama kati ya vijana wa pande mbili ndani ya tope, akawaambia kitu cha chini. Mikuki ikaanza kulala. Ngolila ilikuwa imebaki Tanganyika, kwa maneno ya kweli, yale yale niliyopewa tangu mwanzo chini ya migomba na ambayo yalinitaka niyabebe tu kama yalivyo.

"Karani Kalinga," Bwana Shauri alisema.

"Bwana."

"Ulikwenda migombani ukarudi ukasema ni mtu wa Nyasaland. Ukaenda tena, ukarudi na jina. Mama huyu alikwambia nini? Neno kwa neno."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na sentensi nzuri kabisa tayari, ilikuwa na neno "kelele" ndani yake, na neno "lahaja". Kisha nikamwona Alinanuswe akiinua pindo la kanga usoni. Kwa vile alikuwa amekuja kinyumenyume, wazee wote, na meza, na Bwana Shauri mwenyewe walikuwa nyuma yake. Mbele ya macho yake palikuwa na mtu mmoja tu, mimi.

"Mwambie," alisema. "Nakusikiliza."